Kabla Hujalipa Ada ya Chuo cha Mifugo, Kaone Zizi Lake

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi huuliza swali lile lile: mtoto anapenda wanyama, ana C ya Biolojia na D ya Kemia, aende chuo gani akasomee udaktari wa mifugo? Swali ni zuri, ila limeruka hatua. Chuo cha stashahada hakitoi daktari wa mifugo. Na kabla ya kuuliza chuo gani, ulizeni kozi gani, kwa sababu ndani ya chuo kimoja mna kozi zenye majina yanayofanana na zinazompeleka mtoto njia tofauti kabisa.

Tuanze hapo. Daktari wa mifugo Tanzania ni mwenye shahada ya tiba ya wanyama, ile inayosomwa miaka 5 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mwenye stashahada au astashahada ya afya ya mifugo ni mtaalamu msaidizi. Kijijini watamwita bwana mifugo au bibi mifugo, wengine watamwita daktari na yeye ataitika, lakini sheria inawatenganisha. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari, na Baraza ndilo linalowaandikisha wote wanaotoa huduma hiyo, kila mmoja kwa daraja lake. Mtaalamu msaidizi hufanya kazi chini ya usimamizi wa daktari aliyesajiliwa. Hilo halipunguzi heshima ya kazi. Sehemu kubwa ya chanjo, uogeshaji, uhimilishaji (kumpandikiza ng'ombe mbegu zilizohifadhiwa) na huduma ya kwanza ya mifugo nchini hupita mikononi mwa watu hawa. Ila kijana ajue tangu mwanzo anaingia kwa mlango upi.

Sasa majina ya kozi. Kuna Afya ya Mifugo na Uzalishaji, kuna Uzalishaji wa Mifugo peke yake, na baadhi ya vyuo vina Teknolojia ya Maabara ya Veterinari. Ya kwanza inafundisha magonjwa, dawa, upasuaji mdogo, ukaguzi wa nyama, pamoja na lishe na ufugaji. Ya pili ni lishe, malisho, uzazi, usimamizi wa shamba. Ni kozi nzuri kwa anayetaka kuendesha shamba la maziwa au kiwanda cha chakula cha kuku, lakini haimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa tiba. Ya tatu inamweka mtu nyuma ya darubini. Wanafunzi hujaza fomu kwa haraka, wanachukua kozi yenye nafasi, halafu mwaka wa mwisho ndipo wanagundua kwamba ndoto ya kufungua duka la dawa na kutibu haiendani na cheti walichosomea. Cheti huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kwenye fomu tafuta maneno Animal Health. Kama hayamo, uliza mara mbili kabla ya kulipa.

Ngazi nazo zinachanganya watu. Mfumo wa NTA, yaani tuzo za taifa za mafunzo ya ufundi, una ngazi ya 4, ambayo ni astashahada ya awali, ngazi ya 5, astashahada, na ngazi ya 6, stashahada. Kila ngazi ni mwaka mmoja wa masomo. Aliyemaliza kidato cha nne husoma miaka 3 kufika stashahada. Aliyemaliza kidato cha sita na ufaulu unaokubalika kwenye masomo ya sayansi huanzia juu na kumaliza kwa miaka 2. Kwa wa kidato cha nne, msingi ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na kwa fani hii Biolojia na Kemia ndizo zinazoangaliwa kwanza. Vigezo kamili vya kila kozi na kila chuo vimo kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili kinachotolewa kila mwaka na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi. Kisome cha mwaka huu, si cha mwaka juzi kilichosambaa kwenye makundi ya WhatsApp.

Ushauri wangu kwa mwenye uwezo wa kwenda hadi ngazi ya 6: asiishie ya 4. Ngazi ya 4 inamfundisha kumshika mnyama, kusafisha banda, kuogesha, kutambua dalili za wazi. Uchunguzi wa magonjwa na hesabu za dawa huja kwa uzito ngazi ya 5 na 6. Tena kwenye ajira za halmashauri, nafasi ya afisa mifugo msaidizi mara nyingi hudai stashahada.

Jambo la ithibati limalize kwa siku moja, tena kwa maandishi. NACTVET, ambayo zamani ilikuwa NACTE, husajili vyuo na pia hutoa ithibati, na hayo ni mambo mawili. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa huku kozi unayoitaka haijaidhinishwa, au imeidhinishwa kwa kampasi moja na wewe unapelekwa nyingine. Angalia namba ya usajili, angalia hali ya ithibati, angalia kozi yenyewe kwa jina na kwa kampasi. Kisha uliza Baraza la Veterinari swali moja tu: wahitimu wa kozi hii ya chuo hiki mnawaandikisha? Jibu la Baraza lina uzito kuliko kipeperushi chochote. Hii ni muhimu zaidi kwa kozi za mtandaoni zinazotangazwa kwamba mtu atapata cheti cha utabibu wa wanyama ndani ya miezi michache. Hata Marekani, ambako zipo programu za masafa za wasaidizi wa madaktari wa wanyama zenye ithibati ya chama cha madaktari wa wanyama cha huko, AVMA, mwanafunzi hulazimika kufanya stadi za mikono kwenye kliniki, kwa wanyama hai, na kuthibitishwa. Hakuna mahali ambapo mshipa wa shingo hupatikana kwa kutazama video.

Hapo ndipo kiini cha uchaguzi kilipo. Vyuo vyenye ithibati vinafundisha mtaala unaofanana. Kinachotofautisha mhitimu na mhitimu ni mara ngapi mkono wake ulimgusa mnyama.

Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, ambao ndio mfumo wa serikali, una kampasi 8: Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Madaba, Temeke, Buhuri, Mabuki na Kikulula. Pia vipo vyuo binafsi na vya taasisi za dini. Watu huchagua kwa kuangalia ukaribu wa nyumbani au bei ya nauli. Mimi ningeangalia kampasi imezungukwa na wanyama gani. Tengeru iko kwenye ukanda wa ng'ombe wa maziwa wa Meru, na Usa River, palipo na Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, ni jirani kabisa kwenye barabara ile ile ya Arusha kwenda Moshi. Anayetaka kuwa mhimilishaji ana sababu ya kwenda huko. Mpwapwa ina historia ndefu ya utafiti wa mifugo, na ng'ombe aina ya Mpwapwa walizalishwa huko huko. Ni nchi ya wafugaji wa ukame, mbuzi na ng'ombe wa asili. Buhuri iko Tanga, mkoa wa wafugaji wadogo wa maziwa na vyama vyao vya ushirika. Mabuki, Misungwi, ina shamba la serikali la kuzalisha mitamba na iko Usukumani, kwenye makundi makubwa. Temeke ni mjini Dar es Salaam: mbwa, paka, kuku wa mayai na wa nyama, machinjio, na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, uko maeneo hayo hayo. Morogoro iko mji mmoja na Sokoine.

Kwa hiyo kijana anayeota kliniki ya mbwa na paka Masaki au Mikocheni, na kijana anayetaka kurudi Simanjiro kwa ng'ombe wa baba yake, wasiende kampasi moja kwa sababu tu ni marafiki.

Ukishapata majina mawili matatu, nenda ukavione. Nauli ya kwenda kukagua ni ndogo kuliko ada ya muhula mmoja. Nenda siku ya kazi, asubuhi, bila kutoa taarifa kubwa, na omba kuonyeshwa zizi kabla ya ofisi.

Zizini hesabu wanyama kwa macho yako. Darasa la wanafunzi 100 lenye ng'ombe 6 lina maana kwamba katika somo la kupima joto, wengi watasimama nyuma na kuandika walichoambiwa na wa mbele. Tazama kibanio, yaani ile njia nyembamba ya mbao au mabomba anamoingizwa ng'ombe ili ashikwe bila kuumia wala kuumiza. Nguzo zikiwa zimeoza na lango halifungi, ujue ng'ombe hawapitishwi hapo mara kwa mara. Kama kuna josho, liwe lina maji na kumbukumbu za tarehe. Angalia kwato za ng'ombe wa chuo, angalia viwele, angalia kupe ndani ya masikio. Chuo kinachofundisha kudhibiti kupe huku ndama wake wana masikio yaliyojaa kupe kinakuambia chenyewe kilivyo.

Halafu mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili, pembeni, umwulize maswali ya kazi. Swali rahisi kabisa: bomba la mgongoni la lita 20, dawa ya kuogeshea ni amitrazi ya asilimia 12.5, unaweka mililita ngapi? Jibu ni 40, kwa sababu kipimo ni mililita 2 kwa kila lita ya maji. Anayefanya kazi hiyo kila wiki atajibu kabla hujamaliza swali, na ataongeza kwamba ng'ombe mkubwa mmoja hutaka karibu lita 10 ili alowe hadi chini ya mkia, ndani ya masikio na kwenye kinena. Anayebabaika hajawahi kushika bomba. Na kosa hili lina gharama: dawa ikipunguzwa, kupe dhaifu hufa na sugu hubaki, na baada ya misimu michache dawa ile haifanyi tena kazi kijiji kizima.

Swali la pili liwe la uzito na dawa. Mwambie: nina ng'ombe sina mizani, nataka kumchoma oksitetrasaiklini ya asilimia 20 ya muda mrefu, nifanyeje? Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri atachukua utepe. Atazungusha kifua nyuma ya miguu ya mbele, tuseme apate sentimita 150. Atapima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa matako, apate 130. Kifua mara kifua mara urefu, gawanya kwa 10,840: ni karibu kilo 270. Kipimo cha dawa hiyo ni miligramu 20 kwa kilo, na kila mililita ina miligramu 200, maana yake mililita 1 kwa kilo 10. Huyu anahitaji mililita 27. Hazichomwi mahali pamoja. Zinagawanywa sehemu kadhaa ndani ya msuli kwa kiwango kilichoandikwa kwenye lebo, maana dawa hii huunguza nyama na kuacha uvimbe. Mwisho atakuambia muda wa kusubiri kabla ya maziwa na nyama kuliwa, na atausoma kwenye lebo ya chupa aliyoishika, kwa kuwa hutofautiana kwa kila dawa.

Mtu anayekadiria kwa jicho huwa anakosea kwa ng'ombe wakubwa, anampa wa kilo 350 dawa ya kilo 200, kisha anamwambia mfugaji dawa ni feki.

Maabara ndiyo mahali penye kutofautisha zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Ugonjwa unaoua ndama na ng'ombe wa kisasa kwa wingi katika ukanda wetu ni ndigana kali, unaoenezwa na kupe wa kahawia anayekaa masikioni. Homa hupanda kupita nyuzi 40, wakati ng'ombe mzima huwa kwenye 38 na nusu hivi, tezi za chini ya sikio na za mbele ya bega huvimba, baadaye pumzi inakuwa nzito na povu linatoka puani. Ndigana baridi nayo ina homa. Mkojo damu una homa. Moyo kujaa maji una homa. Na dawa zake ni tofauti. Oksitetrasaiklini inafaa ndigana baridi, lakini ng'ombe aliyekwishaugua ndigana kali hatapona kwa hiyo. Anataka buparvakwoni, miligramu 2.5 kwa kilo, ambayo kwa dawa ya asilimia 5 ni mililita 1 kwa kilo 20, na aipate mapema. Huyo wetu wa kilo 270 ni mililita 13.5. Dawa hii ni ghali. Mfugaji anayetozwa bei hiyo ana haki ya kujua kama kweli ni ndigana kali.

Njia ya kujua ni kuchukua majimaji ya tezi. Ng'ombe anaingizwa kwenye kibanio, kichwa kinashikwa upande. Tezi ya mbele ya bega inasafishwa kwa spiriti na kuachwa ikauke. Unaibana kati ya kidole gumba na vidole viwili mpaka isiteleze chini ya ngozi, kwa maana ikiteleza sindano itaishia kwenye mafuta. Unaingiza sindano namba 18 bila bomba, unaizungusha na kuisogeza mbele na nyuma kidogo ndani ya tezi, unaziba mdomo wake kwa kidole na kuitoa. Kisha unachukua bomba tupu lililovutwa hewa, unalifunga kwenye sindano, unasukuma tone dogo juu ya slaidi safi. Unalitandaza taratibu, bila kukandamiza, kwa sababu chembe nyeupe ni laini na zikipasuka hutaona kitu. Linakauka kwa hewa. Linawekwa kwenye methanoli kwa dakika chache, halafu rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa nusu saa, linasuuzwa kwa maji yenye pH ya 7.2 na kukaushwa. Chini ya lenzi ya mafuta, ndani ya chembe nyeupe, unatafuta vijumba vya buluu vyenye nukta nyekundu-zambarau ndani yake. Ukiviona, umepata jibu.

Makosa ya kazi hii ni machache na yanajirudia. Tone nene. Slaidi iliyotiwa methanoli kabla haijakauka. Maji ya bomba yenye tindikali yanayofanya kila kitu kiwe chekundu. Slaidi zilizohifadhiwa kabati moja na chupa ya formalini, ambayo mvuke wake unazuia rangi kushika. Slaidi iliyoachwa mezani wazi ikaliwa na nzi.

Ukiwa ndani ya maabara ya chuo, omba kuona Giemsa yao na tarehe ya mwisho wa matumizi yake. Uliza darubini ngapi zina lenzi ya mafuta inayofanya kazi, si darubini ngapi zipo. Uliza kila mwanafunzi hutoa slaidi ngapi zake mwenyewe kwa muhula, na kama anaruhusiwa kukosea na kurudia. Chuo kinachojibu kwa idadi kimeshalifikiria jambo hilo.

Uhimilishaji una mtego wake. Vyuo vingi huutaja kwenye kipeperushi. Omba kuona mtungi wa naitrojeni na kijiti cha kupimia kina. Mbegu zinahifadhiwa kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi ukikauka hata mara moja, mirija yote iliyomo imekufa, hata ukijaza tena kesho yake. Mwanafunzi anatakiwa kujua kwamba mrija hauinuliwi juu ya shingo ya mtungi wakati wa kuutafuta, unayeyushwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa angalau nusu dakika, unakaushwa maji yote nje yake kwa kuwa maji yanaua mbegu, na unatumika bila kuchelewa. Ng'ombe aliyeonekana kwenye joto asubuhi anapandikizwa jioni. Wa jioni, kesho yake asubuhi. Lakini ugumu uko mkononi: kuushika mlango wa kizazi kupitia utumbo na kupitisha bomba katika mikunjo yake hadi mwanzo wa kizazi, si zaidi. Hilo halipatikani kwa ng'ombe wawili. Vyuo makini hutoa kwanza viungo vya uzazi kutoka machinjioni, mwanafunzi afanye mazoezi mezani akiona anachokishika, ndipo aende kwa ng'ombe hai. Uliza kama wanafanya hivyo. Kama hawafanyi, panga bajeti ya mafunzo ya uhimilishaji baada ya chuo, na usijitangaze kuwa mhimilishaji kabla ya hapo.

Machinjio yenyewe uyaulize. Mwanafunzi wa afya ya mifugo anapaswa kuingia alfajiri na mkaguzi, kukata tezi za kichwa na mapafu, kupasua maini kutafuta minyoo bapa, kuangalia ulimi na moyo kwa malengelenge ya tegu. Chuo kilicho mbali na machinjio yoyote kiwe na ratiba ya safari, na ratiba iwe na tarehe. Kuku nao wasisahaulike. Wapo wahitimu wanaojua ng'ombe vizuri na hawajawahi kupasua mzoga wa kuku, ilhali mijini wateja wengi ni wa kuku. Aliyefundishwa atajua kudondosha tone moja la chanjo ya kideri ya I-2 jichoni, akisubiri kuku apepese ndipo amwachie, na kurudia kila baada ya miezi 3.

Kwa anayetaka wanyama wa nyumbani, niseme wazi: mitaala yetu imejengwa juu ya ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku. Mbwa na paka wapo lakini kwa saa chache. Mtu huyo achague chuo cha mjini na, la muhimu zaidi, aombe mafunzo ya vitendo kwenye kliniki ya mjini yenye daktari anayefanya upasuaji kila wiki.

Na hapo kuna swali ambalo wazazi hawaulizi: chuo kinawachanja wanafunzi dhidi ya kichaa cha mbwa kabla hawajaanza kushika mbwa? Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi mbili za kinga, siku ya 0 na siku ya 7, kwa watu ambao kazi yao inawaweka hatarini. Wanafunzi wa fani hii ni miongoni mwao. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakiponi. Chuo kisipotoa, mzazi agharamie. Vivyo hivyo glavu ndefu za kumsaidia ng'ombe kuzaa na kushika kondo la nyuma: ugonjwa wa kutupa mimba unaambukiza binadamu kwa njia hiyo hiyo, na homa zake zinaweza kumsumbua mtu kwa miezi. Ukiona wanafunzi wakivuta ndama kwa mikono mitupu, mwalimu akiwa amesimama pale, chuo hicho hakifai.

Mafunzo ya vitendo nje ya chuo yaulizwe kwa undani: ni wiki ngapi kila mwaka, nani anamtafutia mwanafunzi nafasi, msimamizi wa chuo anakuja mara ngapi. Pale ambapo mwanafunzi anajitafutia mwenyewe na hakuna anayekuja kumwona, wengi huishia kuuza duka la dawa kwa wiki zote. Waombe wakuonyeshe daftari la stadi. Likiwa na kurasa za kusainiwa kwa kila stadi, mfano kuhasi kwa koleo la Burdizzo, kukata pembe, kutoa damu mshipa wa shingo, kusafisha jeraha, na idadi ya mara ambazo mwanafunzi atazifanya, una chuo kinachohesabu mikono.

Fedha. Ada yenyewe iko kwenye mwongozo, isome hapo. Kinachowashtua watu ni vilivyo kwenye fomu ya kujiunga: buti za mpira, ovaroli mbili, koti jeupe, seti ya kupasulia, kipimajoto, stetoskopu, michango ya vitendo, bima ya afya, hosteli. Omba fomu hiyo kabla ya kuomba nafasi na ujumlishe mwaka mzima. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada katika fani chache za kipaumbele, kilimo na mifugo zikiwemo, kwa hiyo angalia mwongozo wa Bodi wa mwaka husika kama kozi yako imo.

Anayewaza shahada baadaye atunze wastani wake tangu muhula wa kwanza. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa mwenye stashahada kuingia chuo kikuu ni GPA ya 3.0, na programu yenye ushindani kama tiba ya wanyama inaweza kudai zaidi. Matokeo ya kidato cha nne nayo bado yataangaliwa. Akihitimu, ataomba namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET. Bila hiyo maombi ya chuo kikuu hayaendi.

Kwa wasomaji wa Kenya, mantiki ni ile ile ila majina yanabadilika: vyuo vya afya ya mifugo, AHITI, vya Kabete, Ndomba na Nyahururu, na Bodi ya Veterinari ya Kenya inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2011 inayowahusu madaktari na wataalamu wasaidizi. Mkenya anayetaka kusoma Tanzania, au Mtanzania anayetaka kusoma Kenya, aiandikie kwanza bodi ya nchi atakakofanyia kazi, apate jibu la maandishi, ndipo alipe.

Ukishapokelewa, kitu cha kwanza cha kununua ni kipimajoto cha kidijitali. Kifunge uzi wa sentimita 30 hivi, mwisho wake uweke kibanio cha nguo. Unapokiingiza, kielekeze kiguse ukuta wa utumbo, maana kikizama katikati ya kinyesi kitasoma chini kuliko joto halisi, na bana kibanio kwenye nywele za mkia ili ng'ombe akijamba au akichutama kisianguke kikakanyagwa. Subiri kilie, soma, andika kwenye daftari pamoja na saa. Fanya hivyo kwa ng'ombe wazima wa chuo kila asubuhi mwezi wa kwanza, uzoee namba za mnyama asiyeumwa.